Msiamini Macho Yangu: Barua ya Wazi kuhusu Chemba za Oksijeni na Watoto Wenye Usonji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),

YAH: KUWAFANYIA WATOTO WENYE USONJI MAJARIBIO YA OKSIJENI YA SHINIKIZO

Waheshimiwa,

Mwanangu ana miaka 7 na ana usonji. Miaka miwili iliyopita nilimwingiza kwenye chemba ya oksijeni, yaani chumba kidogo kinachofungwa na kujazwa hewa kwa shinikizo, mara 40, saa nzima kila mara, na nikamwona akibadilika. Nilisimama mbele ya simu nikayasema hayo huku machozi yananitoka. Video ile, ya dakika mbili na kidogo, imezunguka kwenye makundi ya wazazi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na wapo akina mama waliokopa fedha kwa sababu waliniona mimi nikilia. Hao ndio wamenifanya nichukue kalamu.

Mwezi uliopita lilipita tangazo kwenye kundi letu. Kituo kimoja, ambacho sikitaji, kinatafuta watoto 20 wenye usonji wa "kufanyiwa majaribio" ya tiba ya oksijeni kwenye chemba mpya. Vikao 40. Mzazi atalipa nusu bei. Halikuwa na namba ya kibali, halikumtaja mtafiti mkuu, wala halikusema neno juu ya watoto watakaolinganishwa na hao 20. Chini ya tangazo waliweka video yangu.

Ninalowaomba ni moja, na mengine yote yamo ndani yake: msiamini macho yangu. Msiruhusu jaribio lolote kwa watoto wetu ambalo ushahidi wake wa mwisho utakuwa ni mama kama mimi kusema "nimeona."

Asiyemlea mtoto wa namna hii anaweza kudhani tulikuwa wajinga. Mwanangu alikuwa na maneno sita akiwa na mwaka mmoja na nusu. Aliita baba yake, aliita "nyau" akimwona paka wa jirani. Kufika miaka miwili na nusu maneno yote yalikuwa yamepotea, na jina lake mwenyewe ukiliita ni kama umeliita nyumba ya pili. Tukazunguka. Tuliambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema. Tuliambiwa akatwe udata chini ya ulimi. Mama mkwe wangu alimpeleka kusomewa, na simlaumu, alifanya alichokijua. Daktari wa kwanza kukaa na mwanangu zaidi ya dakika kumi alilitamka neno usonji akiwa ameshafika miaka minne, akatuandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa lugha na matamshi. Huko foleni ilikuwa ya miezi, na tukishaonwa ni mara moja kwa mwezi.

Chemba haikuwa na foleni. Chemba ilikuwa leo, kesho na keshokutwa. Kikao kimoja shilingi 90,000, ukizidisha kwa 40 ni 3,600,000. Nilikopa kwenye kikoba, baba yake akauza pikipiki. Mfa maji haachi kutapatapa, na sisi tulikuwa tumeshakunywa maji mengi.

Tuliingia wote wawili. Ilikuwa kama hema refu la turubai zito, lenye zipu na vidirisha viwili vya duara, na nje yake kompresa inanguruma. Zipu ikifungwa hewa inaanza kujaa, na masikio yanaziba kama unavyosikia ukishuka mlima kwa basi. Mtu mzima anaambiwa ameze mate, masikio yazibuke. Mtoto ambaye haelewi "meza mate" unamwambiaje? Nilimpa kifuniko cha chupa akitafune. Hakuna aliyeniuliza kama amewahi kupata degedege. Sasa najua kwamba hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza, kwa sababu kifafa huwapata watoto wengi wenye usonji kuliko watoto wengine, na oksijeni nyingi chini ya shinikizo kubwa inaweza yenyewe kuleta degedege.

Nilikuwa na daftari, nikaandika kila siku. Siku ya 11: amesema "maji" akiwa ameshika kikombe. Siku ya 14: nimemwita ameniangalia machoni, mara mbili. Siku ya 22: amelala usiku kucha. Siku ya 23: amemgusa dada yake shavuni, akacheka. Haya ndiyo niliyoyasema kwenye video. Sikudanganya hata neno moja.

Mdogo wangu wa mwisho ni muuguzi. Alikuja likizo, nikampa daftari alisome, nikisubiri afurahi. Alisoma hadi mwisho, akaniuliza kama ninalo lile la zamani, la kazi tulizopewa na mtaalamu wa lugha. Nililitoa uvunguni mwa kitanda. Wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza cha chemba, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: "Amesema 'ma' mara tatu akishika kikombe." Nilikuwa nimesahau kabisa. Kisha akafungua tena daftari la chemba akaniuliza, "Dada, siku ya 17, 18 na 19 ziko wapi?"

Hazikuwepo. Siku hizo mwanangu alilia ameshika sikio la kulia, usiku hakulala, na alijing'ata mkono mpaka ukavimba. Sikuandika. Nilikuwa na deni la kikoba na pikipiki haipo uani, na mkono ulikataa kuandika.

Nawasimulia haya, Waheshimiwa, ili mjue jinsi ushuhuda unavyotengenezwa na mtu mkweli. Macho ya mzazi yanaona anachokiombea dua. Mtoto wa miaka mitano, mwenye usonji au asiye nao, hukua ndani ya miezi miwili. Neno ambalo lingekuja lenyewe mwezi wa saba likija mwezi wa saba, na wewe mwezi wa saba ulikuwa kwenye chemba, utasema ni chemba. Na kwa siku zile 40 nilikuwa nimelala kando ya mwanangu saa nzima kila siku, sina simu, sina cherehani, sina mteja mlangoni. Hatukuwahi kuwa na saa kama hizo kabla. Siwezi kusema ndizo zilizofanya kazi. Ninachosema ni kwamba, kwa namna tulivyofanya, hakuna mtu duniani anayeweza kuyatenganisha.

Watafiti waliokuwa makini walilijua hilo zamani. Mdogo wangu alinitafutia tafiti tukazisoma pamoja, yeye akinifasiria, usiku watoto wakishalala.

Ya kwanza ilinipa furaha. Ilitoka mwaka 2009 nchini Marekani, watoto 62 wa miaka 2 hadi 7 katika vituo sita. Kundi moja liliwekwa kwenye shinikizo la 1.3, yaani mara 1.3 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na oksijeni asilimia 24, lingine kwenye chemba iliyojazwa kidogo tu, 1.03, na hewa ya kawaida, kila mtoto vikao 40. Wazazi hawakuambiwa mtoto wao yuko kundi gani. Mwishoni madaktari waliwahesabu waliopata nafuu kubwa: watoto 9 kati ya 30 upande wa oksijeni, na 2 kati ya 26 upande wa pili. Nilimwambia mdogo wangu, unaona? Akanionyesha mistari ya mwisho, pale watafiti wanapotangaza maslahi yao. Wengi wao, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa wakiwatibu watu kwa chemba na kupata kipato humo. Simwiti mtu mwongo kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa na deni la kikoba tu, na mkono wangu uliruka siku tatu.

Mwaka uliofuata, 2010, watafiti wa California walitumia shinikizo lile lile la 1.3 na oksijeni ile ile ya asilimia 24, wakaongeza vikao hadi 80. Badala ya kutegemea maneno ya wazazi peke yake, waliweka watu wa kukaa na kuhesabu tabia za watoto moja baada ya nyingine. Watoto 34 walimaliza. Hakukuwa na tofauti kati ya waliopata oksijeni na waliopata chemba bandia, isiyo na oksijeni ya ziada.

Kisha Thailand, mwaka 2012. Hawa walitumia oksijeni safi, asilimia 100, kwa shinikizo la 1.5, watoto 60 wa miaka 3 hadi 9, vikao 20. Kundi la kulinganisha lilipata hewa ya kawaida kwa 1.15. Wazazi wa pande zote mbili waliona nafuu. Wataalamu waliowapima waliona nafuu pande zote mbili. Tofauti kati ya makundi haikuwepo, ila maumivu ya masikio yalijitokeza. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia na kupima tafiti za afya, walipokusanya kila kitu mwaka 2016, utafiti uliokidhi vigezo vyao ulikuwa huo mmoja tu, wakaandika kwamba hawakuona ushahidi kuwa oksijeni hii inasaidia dalili kuu za usonji.

Usiku ule niliposikia kuhusu wazazi wa Thailand, wale wa hewa ya kawaida, nililia kuliko nilivyolia kwenye video. Waliona. Waliona kama mimi. Naamini na wao wangesimama mbele ya simu.

Na hawakuwa wa kwanza. Quebec, Kanada, watoto 111 wenye mtindio wa ubongo waligawanywa, nusu wakapewa oksijeni safi kwa 1.75 na nusu hewa ya kawaida kwa 1.3, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, kwa kiasi kile kile. Mwaka 1999 ilikuwa sindano ya homoni ya sekretini, ambayo wazazi wengi wa watoto wenye usonji Marekani waliisaka kwa bei yoyote. Watoto 60, nusu walichomwa sekretini, nusu maji ya chumvi, na hakukuwa na tofauti. Wazazi wale wakaambiwa matokeo. Asilimia 69 walisema bado wanaitaka. Nawaelewa kabisa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na ndiyo maana mzazi hawezi kuwa yeye peke yake anayeshika mizani.

Wauzaji wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Wanasema chemba bandia nayo ni tiba, kwamba hata shinikizo dogo la hewa ya kawaida linamfaa mtoto, ndiyo maana makundi yote mawili hupata nafuu. Sawa. Basi liwekwe kundi la tatu la watoto wasioingia chemba kabisa, ila mzazi na mtoto wanapewa saa moja kila siku ya kukaa pamoja chumba kimoja, kwa utulivu ule ule na muda ule ule. Anayeamini tiba yake hataliogopa kundi la tatu. Kwenye tangazo la kundini kwetu hata kundi la pili halikuwepo.

Kuna pia hesabu ambayo natamani ningeijua kabla pikipiki haijauzwa. Shinikizo la 1.3 mpiga mbizi wa kisiwa cha Mafia analifikia akishuka mita 3 tu. Oksijeni ndani ya hema la namna ile hufika asilimia 24 hivi badala ya 21 tunayoivuta kila siku. Mdogo wangu alizidisha 1.3 kwa 24 akapata 31 na kidogo. Maana yake, oksijeni aliyoipata mwanangu ni sawa na ya mtu aliyekaa sebuleni kwake akivuta hewa yenye oksijeni asilimia 31 kupitia kinyago, na kinyago kipo kila wodi. Tena mtoto mwenye mapafu mazima, chembe zake nyekundu za damu tayari zimebeba oksijeni karibu yote zinayoweza kubeba, asilimia 97 au 98.

Tuliambiwa pia kwamba ubongo wa mtoto mwenye usonji una kiu ya hewa kwa sababu damu haifiki vizuri. Ni kweli zipo picha zilizoonyesha kwamba kwa baadhi ya watu wenye usonji, damu inayopita maeneo fulani ya ubongo ni kidogo. Lakini damu ya ubongo hufuata kazi: eneo linalofanya kazi huita damu, lililotulia huita kidogo. Ukiona mtaa wenye magari machache usiseme barabara imeziba. Huenda hakuna anayekwenda huko saa hizo.

Sizichukii chemba. Mpiga mbizi aliyepanda juu upesi kutoka kilindini, viputo vikamjaa kwenye damu, chemba ndiyo inayomrudisha. Aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa akavuta sumu, chemba inaweza kumwokoa. Vipo vidonda vya kisukari vinavyosaidiwa nayo. Hizo ni chemba za shinikizo la 2 na kuendelea, ambako oksijeni huyeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, na huendeshwa na watu waliosomea. Ni kifaa cha maana. Ndiyo maana inauma kuona kinafanywa chambo.

Na kifaa chenye nguvu kina hatari zake. Tangazo la safari hii linasema chemba mpya ni "ya kisasa, oksijeni asilimia 100," tofauti na hema letu. Tarehe 31 Januari 2025, katika mji wa Troy, jimbo la Michigan, mtoto wa kiume wa miaka 5 aliungua hadi kufa ndani ya chemba ya oksijeni safi, na mama yake, aliyekuwa kando ya chemba, akajeruhiwa. Watu wanne wa kituo hicho walifikishwa mahakamani. Waendesha mashtaka walisema mtoto hakufungwa waya wa kupeleka umeme tuli ardhini. Ndani ya oksijeni safi, cheche moja ya umeme tuli, ile inayokushtua ukivua sweta, inatosha. Jimbo halikuwa na sheria ya kuvisimamia vituo vya aina ile. Kabla ya hapo, mwaka 2009, huko Florida, mtoto wa miaka 4 mwenye mtindio wa ubongo, aliyetoka Italia kutafuta tiba, alikufa kwa moto wa chemba pamoja na bibi yake. Nimewawaza sana hawa wawili. Familia ile ilivuka bahari nzima kwa matumaini kama yangu.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wazazi mwezi Agosti 2013 kwamba chemba hizi hazijathibitishwa kutibu usonji. Mwaka huo huo mwongozo wa huduma za afya wa Uingereza ukawaambia madaktari wazi: msitumie oksijeni ya shinikizo kwa usonji wa watoto. Zaidi ya miaka kumi imepita, na mama wa Mbagala alilipa shilingi milioni tatu na laki sita bila mtu kumwambia.

TMDA, nyinyi ndio wenye dhamana ya vifaa tiba nchini. Naomba mjue kila chemba iliyoingia, iko wapi, ni ya shinikizo gani, inaendeshwa na nani, na mtuwekee orodha hiyo mahali mzazi anaweza kuifungua kwa simu. Kituo kisichokuwa na mtu aliyefunzwa kuzuia moto na kuzuia ajali za masikio na mapafu, kifungwe leo. Matangazo yanayotaja usonji yapigwe marufuku, na video za wazazi zikiwemo. Yangu iwe ya kwanza. Nimeomba mara tatu iondolewe na ninapoandika barua hii bado inazunguka.

Kamati ya Maadili, kwenu nina maneno zaidi, kwa sababu neno "majaribio" ni lenu na limeanza kutumiwa kama neno la sokoni. Mzazi akisikia "utafiti" anadhani serikali imeshapita, imekagua, imeridhika. Mwenye kutaka kufanya utafiti aje kwenu na aje TMDA, kama sheria inavyotaka, na namba ya kibali iandikwe kwenye tangazo. Mzazi asilipe hata senti. Anayelipa ana deni la kuona nafuu, mimi ni shahidi. Watoto wagawanywe kwa bahati nasibu, na anayewapima asijue nani alipata nini. Anayeuza vikao asiwe ndiye anayehesabu matokeo. Kitakachopimwa kiandikwe kabla mtoto wa kwanza hajaingia, ili mwisho wa siku asitokee mtu wa kuchagua siku ya 11 na kuruka ya 17. Kila sikio lililouma liandikwe. Matokeo yatangazwe hata yakiwa matupu.

Na kabla ya yote hayo mtafiti aulizwe: hili halijajibiwa? California walijaribu, Thailand walijaribu. Anayetaka kuwaingiza watoto wetu tena aeleze ni kitu gani kipya anachokitafuta, ambacho watoto wale hawakukionyesha. Kama jibu hana, akataliwe. Mtoto wa Tanzania asirudie maumivu ambayo jibu lake lilishaandikwa.

Mheshimiwa Waziri, wazazi hawaendi kwenye chemba kwa sababu wanapenda chemba. Wanakwenda kwa sababu mlango ule uko wazi na mingine ina foleni. Wataalamu wa lugha na matamshi nchini ni wachache mno, na wengi wako mijini. Lakini Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi wa watoto wenye usonji na ucheleweshaji mwingine wa ukuaji, wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe bingwa, anaweza kuwa muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeandaliwa. Yanamfundisha mzazi kucheza na mtoto, kumfuata anachokitazama, kuugeuza muda wa kuoga na kula kuwa muda wa lugha. Jirani zetu Kenya wameyafanyia kazi, Ethiopia pia. Hayamponyi mtoto usonji, na hayadai hivyo. Zahanati ya mtaani kwetu ina benchi, ina kivuli cha mwembe, ina wauguzi wawili ambao nawajua kwa majina. Vikao 9 vingewezekana pale.

Mwanangu sasa ana maneno kama 30. Jina lake akiitwa, mara nyingi anageuka. Hapendi kelele za mashine ya kusaga, anapenda kupanga vifungo vyangu vya kushonea kwa rangi, na nikivichanganya anajua. Sijui angekuwa wapi bila chemba, na hakuna atakayejua, kwa sababu sikupewa jaribio, niliuziwa vikao.

Madaftari yote mawili ninayo, la kabla na la chemba, pamoja na zile siku tatu zisizoandikwa, ambazo nimezijaza sasa kwa kalamu nyekundu kadiri ninavyokumbuka. Nitayaleta mwenyewe ofisi za NIMR pale Barabara ya Barack Obama, mapokezi, pamoja na nakala ya barua hii. Mkihitaji kuniuliza lolote juu ya ukurasa wowote, nitakuja.

Wenu,
Mama wa mtoto mwenye usonji,
Mbagala, Dar es Salaam